Huduma za kupima umri wa visukuku: kaboni-14, argoni na luminesensi, ipi inastahili fedha yako

Mwenye fuvu, jino au kipande cha mfupa kilichotoka ardhini, akitaka kujua umri wake, ana milango mitatu mikubwa ya kubisha hodi: maabara ya kaboni-14, maabara ya argoni na maabara ya luminesensi. Zote hupokea sampuli kwa kifurushi, zote hutoza fedha za kigeni, na zote hurudisha ripoti yenye namba na alama ya ±. Fedha nyingi hupotea kwa kubisha mlango usio wako. Chukua mfupa wa dinosaria wa Tendaguru, Lindi, wenye umri wa takriban miaka milioni 150. Ukiupeleka kwenye kaboni-14 huenda ukapewa namba, tuseme miaka elfu thelathini na kitu, na namba hiyo haimhusu dinosaria hata kidogo. Kaboni-14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Ikitimia miaka 50,000 imebaki chini ya sehemu moja kwa mia nne ya ile ya mwanzo. Kinachosomwa na mashine baada ya hapo ni uchafu wa juzi: mizizi, bakteria, jasho la mikono, gundi.

La pili la kujua kabla ya kutoa hata senti: kati ya hizo tatu, ni kaboni-14 peke yake inayopima mfupa wenyewe. Argoni hupima jivu la volkano lililolala juu au chini ya mfupa, na luminesensi hupima mchanga uliouzunguka. Kwa hiyo jibu linamtegemea sana aliyechimba. Kama hakuandika mfupa ulitoka tabaka lipi, mashine ya bei yoyote ile haitamwokoa. Mfupa uliookotwa kwenye mteremko baada ya mvua, bila kujulikana uliporomoka kutoka wapi, ni wa kutunzwa kabatini, si wa kulipiwa vipimo.

Kaboni-14: nyota tano kwa mkaa, nyota mbili kwa mifupa ya nchi za joto

Siku hizi karibu kila maabara inatumia mbinu ya AMS, inayohesabu atomi za kaboni-14 moja moja badala ya kusubiri zioze. Faida yake kubwa ni kiasi cha sampuli. Enzi za Willard Libby, aliyeanzisha kipimo hiki huko Chicago miaka ya 1940 na kupata Nobeli ya kemia mwaka 1960, ulihitaji gramu kadhaa za kaboni tupu. Sasa miligramu moja ya kaboni inatosha. Kwa vitendo, hiyo ni miligramu 10 hadi 20 za mkaa, makumi machache ya miligramu za ganda la yai la mbuni, au gramu moja hadi mbili za mfupa mgumu kama wa paja. Bei ya kawaida ni dola 300 hadi 600 kwa sampuli. Maabara za kibiashara hujibu ndani ya wiki chache, za vyuo vikuu huweza kuchukua miezi.

Kinacholipiwa hasa si ile mashine, ni usafishaji. Mfupa hukwanguliwa ngozi ya juu, kisha hulowekwa kwenye asidi hidrokloriki ya nguvu ya 0.5 M, ikiwa baridi, mpaka madini yote yayeyuke. Hufuata hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M kuondoa asidi za udongo, kisha asidi tena ili kufukuza kaboni dioksidi ya hewani iliyonaswa na hiyo alkali. Kilichobaki hupashwa moto kwenye maji yenye pH 3, nyuzi 70 hadi 75, usiku mzima, mpaka kolajeni, yaani protini ya mfupa, igeuke jelatini. Huchujwa, mara nyingi kwa kichujio kinachobakiza molekuli zinazozidi kilodaltoni 30 (kipimo cha uzito wa molekuli) tu, na hukaushwa kwa baridi. Kolajeni nzuri hutoka nyeupe na nyepesi kama pamba. Ikitoka ya kahawia na yenye kunata, uchafu wa udongo umebaki, na fundi mwaminifu atakupigia simu kabla ya kuendelea. Baada ya hapo huchomwa iwe kaboni dioksidi, hugeuzwa grafiti kwa hidrojeni na unga wa chuma, hushindiliwa kwenye kitundu cha alumini na kuingizwa kwenye mashine.

Ripoti ikifika, usikimbilie umri. Tazama kwanza namba mbili. Ya kwanza ni kiasi cha kolajeni kilichopatikana: mfupa mbichi una kama asilimia 20 kwa uzito, na ikishuka chini ya asilimia 1 tarehe hiyo ina mashaka. Ya pili ni uwiano wa kaboni kwa naitrojeni, ambao unatakiwa uwe kati ya 2.9 na 3.6. Ukizidi hapo, kuna kaboni ngeni imeingia. Maabara isiyotoa namba hizi mbili kwenye ripoti ya mfupa hatuipendekezi kwa yeyote, hata kama bei yake ni nusu.

Hapa ndipo wateja wa Afrika Mashariki wanapoumia. Kolajeni huharibiwa na joto na maji, na mfupa uliokaa miaka elfu kadhaa nyanda za chini au pwani mara nyingi hauna kitu ndani, ingawa kwa macho unaonekana mzima. Dawa ipo, na ni ya bei nafuu: omba kipimo cha naitrojeni kwanza. Huhitaji miligramu chache za unga wa mfupa. Ikionekana naitrojeni haifiki asilimia 0.7 ya mfupa mzima, uwezekano wa kupata kolajeni ni mdogo, na afadhali dola zako uzipeleke kwenye mkaa wa tabaka lile lile. Maabara nyingine zitakupa njia mbadala ya kupima madini ya mfupa, yaani apataiti. Ikatae. Apataiti hubadilishana kaboni na maji ya ardhini, na tarehe zake huwa changa kuliko ukweli. Mfupa pekee unaokubalika kwa njia hiyo ni ule uliochomwa moto mkali, zaidi ya nyuzi 600, mpaka ukawa mweupe kote. Wenye rangi nyeusi haujaiva kiasi hicho.

Ganda la yai la mbuni ndiyo sampuli tunayoipenda kuliko zote kwa maeneo yetu. Ni gumu, haliingiliwi kirahisi, hupatikana kwenye mapango na makambi ya kale kwa wingi, na shanga zake zilitengenezwa na watu, kwa hiyo zinajibu swali la binadamu moja kwa moja. Hutoa umri uliozidi kidogo kwa sababu mbuni humeza chokaa ya zamani, lakini ziada hiyo ni ya miaka mia moja au mia mbili hivi, ambayo kwa sampuli ya miaka elfu ishirini haimkoseshi mtu usingizi.

Uchafu una hesabu yake, na kila mteja aijue. Sampuli isiyo na kaboni-14 kabisa, ikiingiwa na asilimia 1 tu ya kaboni ya kisasa, itasomeka kama yenye miaka 37,000. Sampuli ya kweli ya miaka 40,000 ikiingiwa na kiasi hicho itasomeka kama ya 33,000. Kwa sampuli ya miaka 3,000 asilimia hiyo hiyo haitikisi sana. Ndiyo maana tarehe za zaidi ya miaka 35,000 zinahitaji maabara yenye sifa ya usafi, na ndiyo maana hatutaki kuona Paraloid (plastiki ya kuimarishia mifupa), gundi ya mbao au vanishi kwenye mfupa unaokwenda kupimwa. Kama mfupa ulishapakwa, andika kwenye fomu jina la dawa hiyo. Kuna viyeyushi vya kuiondoa, ila lazima fundi ajue anachokitafuta. Ufungaji nao: karatasi ya alumini ndani, mfuko wa plastiki nje, lebo katikati isiyogusa sampuli. Pamba na tishu ni kaboni ya kisasa tupu.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Aliyekula samaki wa bahari maisha yake yote ameingiza mwilini kaboni ya bahari, ambayo huonekana kuukuu kwa miaka mia nne hadi mia tano kwa wastani wa dunia. Mifupa ya makaburi ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, isomwe pamoja na vipimo vya isotopu (aina za atomi zenye uzito tofauti) za kaboni na naitrojeni vinavyoonyesha mlo, la sivyo mtu wa karne ya 14 atageuka wa karne ya 11 bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Mwisho ni kusawazisha na kalenda. Namba ya kwanza kwenye ripoti huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, na bado si miaka ya kalenda. Hugeuzwa kwa mkunjo, yaani mchoro wa kulinganishia, uliojengwa kwa pete za miti, mashapo ya maziwa na mawe ya mapangoni. Mikunjo inayotumika sasa ni ya mwaka 2020: IntCal20 kwa kaskazini ya dunia, SHCal20 kwa kusini. Tanzania, Kenya na nchi za Maziwa Makuu zinapigwa na hewa ya pande zote mbili kwa zamu ya majira, hivyo mchanganyiko wa mikunjo miwili ndio wenye mantiki zaidi. Maabara nyingi zitakupa IntCal20 bila kuuliza. Programu ya OxCal hukuruhusu kufanya hesabu hiyo upya mwenyewe. Na kuna kipindi ambacho hakuna fundi atakayekusaidia: kati ya takriban miaka 800 na 400 kabla ya Kristo mkunjo umelala bapa, na sampuli moja inaweza kuangukia popote ndani ya miaka hiyo mia nne. Wanaotafuta mwanzo wa uhunzi wa chuma Maziwa Makuu wanalijua vizuri tatizo hili. Ukijikuta humo, lipia sampuli kadhaa zilizopangana kwa tabaka badala ya kurudia moja.

Argoni: hakuna bora zaidi, ila uwe na jivu

Kwa visukuku vya Bonde la Ufa, huduma hii haina mpinzani. Potasiamu-40 huoza kuwa argoni-40 kwa nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25. Lava ikiyeyuka argoni hutoroka. Fuwele ikiganda saa huanza upya. Mwaka 1961 umri wa Tabaka la Kwanza la Olduvai ulitangazwa kuwa miaka milioni 1.75, na fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey Julai 1959, likaruka ghafla kutoka makisio ya miaka laki sita. Vipimo vya kisasa vimeliweka kwenye milioni 1.84 hivi. Hiyo tofauti ndogo, baada ya nusu karne ya mashine mpya, inatosha kuonyesha ubora wa kazi ya awali.

Njia ile ya mwanzo ilikuwa na udhaifu: potasiamu ilipimwa kwenye kipande kimoja, argoni kwenye kingine. Leo fuwele hupelekwa kwanza kwenye kinu cha nyuklia, nyutroni zinageuza sehemu ya potasiamu kuwa argoni-39, kisha fuwele moja tu huyeyushwa kwa leza na gesi zote hupimwa kwa pamoja. Pembeni yake kinuni huwekwa fuwele za umri unaojulikana, kwa kawaida zile za Fish Canyon, Colorado, zenye miaka milioni 28.2. Mtu asiyeiamini huduma hii atazame jaribio la mwaka 1997 kwa majivu ya Vesuvius yaliyofunika Pompeii mwaka 79: mashine ilisema miaka 1,925 ± 94, na kalenda ilisema 1,918.

Lakini argoni imewahi kudanganya, na somo lake liko Turkana. Jivu liitwalo KBS, Koobi Fora, lilipopimwa mara ya kwanza lilitoa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana kwa tabaka lenye mifupa ya tembo na nguruwe. Mawe makuukuu yalikuwa yamezolewa pamoja na jivu. Walipochagua fuwele upya wakapata milioni 2.61, na namba hiyo ikakubaliwa. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaliona chini ya jivu hilo fuvu lililosajiliwa KNM-ER 1470, nalo likapewa karibu miaka milioni tatu. Waliokataa walikuwa wataalamu wa nguruwe: nguruwe wa chini ya KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, wa kama milioni mbili. Vipimo vya maabara nyingine vikashusha umri, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 jivu lilikuwa limetulia kwenye milioni 1.88 hivi. Nguruwe walishinda.

Kwa hiyo ukienda kuchukua sampuli, usizoe jivu lolote. Tafuta vipande vya jiwe pamisi, lile jepesi la volkano lenye matundu, ndani ya tabaka; fuwele zilizomo ndani yake zilizaliwa na mlipuko ule ule, hazikuokotwa njiani na mto. Kilo moja au mbili zinatosha. Fundi atavunja, ataosha, kisha atachambua kwa hadubini fuwele za feldispa yenye potasiamu, sanidini ikipatikana, za ukubwa wa robo milimita hadi milimita moja. Jivu lililogeuka udongo wa mfinyanzi liache hapo hapo. Kwenye ripoti dai umri wa kila fuwele, si wastani peke yake. Fuwele kumi na mbili zikikaa kundi moja na mbili zikawa kuukuu zaidi, unajua zile mbili ni wageni. Wastani peke yake ungewaficha.

Upande wa malalamiko: ni miezi, si wiki, kwa sababu sampuli husubiri zamu ya kinu na baadaye husubiri mionzi ipoe. Na pasipo volkano hakuna huduma.

Luminesensi: pale wengine wanaposhindwa

Punje ya kwatsi, madini ya kawaida ya mchanga, ikifukiwa gizani hukusanya nishati ya mionzi ya udongo. Ikimulikwa maabara huitoa kama mwanga, na kiasi cha mwanga kinaeleza ilifukiwa lini. Hesabu ni ya kugawanya: dozi ya Gray 100 (Gray ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa), kwenye udongo unaotoa Gray 2 kila miaka elfu, ni miaka 50,000. Pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, ndilo tangazo bora la huduma hii. Kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyebatizwa jina la Mtoto na watafiti, lilipewa miaka 78,000 mwaka 2021. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kubebwa ndani ya plasta, na kwa umri huo kaboni-14 ilishaaga zamani.

Sampuli huchukuliwa kwa bomba la chuma linalopigwa nyundo kwenye ukuta uliosafishwa muda huo huo, kisha ncha zote mbili huzibwa kwa plastiki nyeusi. Sekunde chache za jua zinafuta saa. Usipige bomba karibu na jiwe kubwa au mpaka wa matabaka, kwa sababu mionzi ya gama husafiri kama sentimita 30 udongoni na hesabu ya dozi itavurugika. Chukua pia mfuko wa nusu kilo wa udongo wa pembeni, ufungwe usipoteze maji. Unyevu ni mahali ambapo ripoti nyingi huteleza: ukikosea makadirio kwa asilimia 10 ya maji, umri unayumba kwa karibu kiasi hicho hicho, na maabara haijui mvua za kwenu zilivyokuwa.

Adui mkubwa kwetu ni mchwa. Hupandisha na kushusha punje, changa zikaingia tabaka la zamani. Kwa sababu hiyo lipia kipimo cha punje moja moja; ni ghali zaidi, lakini huonyesha kama kuna makundi mawili yaliyochanganyika. Makosa ya asilimia 5 hadi 10 ni ya kawaida, na kwatsi hujaa, yaani haikusanyi nishati zaidi, karibu miaka laki moja au mbili. Nyota tatu na nusu.

Huduma nyingine ni za nafasi maalumu. Urani kwenye meno, ikisaidiwa na kipimo cha elektroni zilizonaswa ndani ya jino, ndiyo iliyompa Homo naledi, jamaa wa kale wa binadamu wa Afrika Kusini, miaka 236,000 hadi 335,000, wakati wapo waliokisia hadi milioni mbili. Kwa mfupa wa kawaida tahadhari: mfupa hufyonza na kupoteza urani kama apendavyo mkondo wa maji, hivyo tarehe yake inaweza kuwa changa au kuukuu kuliko ukweli. Na Tendaguru? Huko hakuna jivu la kupima. Umri ulitokana na amonaiti, wanyama wa kale wa bahari wenye magamba ya kuzunguka, na viumbe wengine wa bahari wanaojulikana kwingineko. Huduma hiyo unaipata kwa mtaalamu mmoja mwenye lenzi na kabati la vielelezo.

Kabla ya kifurushi kuondoka, karatasi ziwe tayari. Tanzania ni kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale ya kupeleka nje. Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na Makumbusho ya Taifa. Maombi yataje gramu ngapi zitakatwa na zitaharibiwa, maana kilichochomwa hakirudi. Piga picha mfupa pande zote, chukua nakala ya plasta au skani, na ukate mahali pasipo na alama za visu, pasipo na kiungo, na mbali na meno.